Je, wajua? Kwa nini utambi wa mshumaa hujipinda unapowaka

Umeme unapokatika usiku, hebu utazame mshumaa kwa makini. Utaona kwamba utambi wake hausimami wima mpaka mwisho, bali huinama taratibu upande mmoja hadi ncha yake inapotokeza nje ya ulimi wa moto, na hapo ncha hiyo huiva na kuwa nyekundu kama kaa dogo. Wengi hudhani kwamba huko kupinda ni kasoro ya uzi au ni kazi ya upepo. Kumbe utambi umetengenezwa makusudi ili upinde, na kabla ya ufundi huo kupatikana, mtu aliyewasha mshumaa wa kawaida alilazimika kuuhudumia usiku kucha.

Kwanza tujue ni nini hasa kinachowaka. Joto huyeyusha nta, nta iliyoyeyuka hupanda kwenye uzi kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi wa kibatari, kisha ikifika juu hugeuka mvuke, na mvuke huo ndio unaotupa mwanga. Unaweza kuhakikisha mwenyewe: puliza mshumaa uzimike, halafu upesi usogeze njiti ya kiberiti inayowaka kwenye moshi mweupe unaopanda, sentimita moja hivi juu ya utambi. Moto utashuka kwa kuufuata moshi na kuuwasha mshumaa bila njiti kuugusa uzi. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday, aliyekuwa akiwafundisha vijana habari za mshumaa katika Royal Institution jijini London, alichomeka mrija wa kioo katikati ya ulimi wa moto, mvuke ukapita ndani ya mrija, naye akauwasha ulipotokea upande wa pili.

Pale katikati penye weusi, mvuke umejaa na oksijeni haifiki. Kwa hiyo uzi uliosimama wima pale huwa mkaa, lakini hauteketei. Nta inazidi kupungua huku utambi ukibaki na urefu wake, mafuta yanayopanda yanakuwa mengi kuliko yanayoweza kuungua vizuri, masizi yanatanda, na joto linayeyusha nta mpaka inatiririka ubavuni na kupotea bure.

Hiyo ndiyo adha waliyoishi nayo watu wa Ulaya kwa karne nyingi. Mshumaa wa mtu wa kawaida ulitengenezwa kwa shahamu ya ng'ombe au kondoo: nyuzi za pamba zilisokotwa, zikachovywa katika shahamu iliyoyeyushwa, zikaachwa zipoe, zikachovywa tena na tena mpaka zikapata unene. Mshumaa huo ulinuka, na usipokatwa utambi, mwanga wake ulififia sana hata kabla ya nusu saa kwisha. Palikuwa na mkasi maalumu wenye kisanduku juu yake, ili kipande kilichokatwa kisidondoke mezani kikiwa bado na moto, na katika kumbi za maigizo palikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kupita akikata tambi. Nta ya nyuki, nta ile ile ambayo wafuga nyuki wa Tabora huikamua katika masega, iliwaka vizuri zaidi na bila harufu mbaya, ila bei yake iliifanya iwe ya makanisa na matajiri. Neno letu mshumaa lenyewe limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya nta.

Mageuzi yalikuja Ufaransa katika miaka ya 1820. Mkemia Michel Eugène Chevreul alionyesha kwamba shahamu ni muungano wa gliserini na asidi za mafuta, na kwamba gliserini ikiondolewa, hubaki stearini, kitu kigumu, cheupe, kisichonuka kama shahamu. Lakini kwangu mimi aliyestahili sifa kubwa zaidi ni Mfaransa mwenzake, Cambacérès, aliyeacha kuusokota utambi, akausuka. Uzi uliosokotwa husimama wima, ilhali uliosukwa bapa, mfano wa ukili, huvutwa na nyuzi zake zenyewe ukajikunja kadiri unavyoungua. Ncha hutoka nje ya ulimi wa moto, hukutana na oksijeni, huteketea. Utambi huo pia ulichovywa katika asidi ya boriki, ambayo huyeyusha majivu yaliyobaki. Kwa njia hiyo mshumaa ukawa unajikata wenyewe.

Baadaye zikaja mashine za kumimina mishumaa kwenye kalibu, na kuanzia miaka ya 1850 nta ya parafini, iliyo rahisi, ikachukua nafasi ya shahamu. Utambi wa kusuka haukubadilika.

Mkasi, hata hivyo, haujastaafu kabisa. Mishumaa minene yenye manukato inayouzwa ndani ya gilasi mara nyingi huwa na utambi mgumu usiopinda vya kutosha, nao huota kichwa cheusi mfano wa uyoga. Ndiyo maana watengenezaji huagiza utambi upunguzwe hadi milimita 6 hivi kabla ya kuwashwa tena.