Hedhi na aibu yake: maswali tunayoulizwa kwa kunong'ona

Kwani kuna ubaya gani hedhi ikiwa siri ya mtu?
Siri haina ubaya. Hakuna anayemtaka mtu atangaze siku zake. Ubaya ni aibu inayomnyima msichana kipimo cha kujua lipi ni la kawaida na lipi si la kawaida. Akitokwa damu siku kumi mfululizo na hajawahi kumsikia mtu akitaja siku zake ni ngapi, atajuaje kwamba kuna tatizo? Atadhani ndiyo hali ya wanawake wote, anyamaze, aendelee kupungukiwa na damu.

Damu ya hedhi ni uchafu?
Hapana. Ukuta wa ndani wa mji wa mimba hujijenga tayari kupokea mimba. Mimba isipotunga, homoni hushuka, ukuta ule humeguka na kutoka pamoja na damu. Hakuna sumu inayosafishwa.

Kuoga, kuosha nywele, kukimbia?
Vyote ruksa.

Kawaida ni ipi, basi?
Kwa mtu mzima, kuanzia siku ya kwanza ya hedhi moja hadi siku ya kwanza ya inayofuata huwa ni siku 21 hadi 35. Kwa msichana aliyevunja ungo karibuni, hata siku 45 si ajabu. Damu yenyewe hutoka siku 2 hadi 7.

Muone mhudumu wa afya ikiwa pedi inaloa chapachapa ndani ya saa moja au mbili, tena kwa saa kadhaa mfululizo, au unatoa mabonge makubwa, au damu inapita siku 7. Ukiongezea kizunguzungu, moyo kwenda mbio na kuhema kwa kupanda ngazi chache tu, huenda umeshapungukiwa damu. Msichana aliyefika miaka 15 bila kuona hedhi achunguzwe pia. Na mama aliyekwisha koma hedhi akiona damu tena, hata tone, asingoje.

Niliambiwa maumivu ni ya kuvumilia, nikizaa yataisha. Ni kweli?
Huu ndio ushauri unaonikera kuliko yote. Maumivu ya kiasi yana sababu: mwili hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huufanya mji wa mimba ujikaze ili kusukuma damu nje. Chupa ya maji ya moto tumboni husaidia. Ibuprofeni, dawa ya kutuliza maumivu, hupunguza kemikali hizo, kwa hiyo hufaa zaidi ukiimeza maumivu yanapoanza kuliko ukisubiri yazidi. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu aulize kwanza.

Lakini maumivu yanayokulaza kitandani kila mwezi, au yanayokuja hata wakati wa haja kubwa na tendo la ndoa, yanahitaji uchunguzi. Huenda ni endometriosisi, yaani tishu zinazofanana na ukuta wa ndani wa mji wa mimba kuota nje yake. Inakadiriwa kumpata mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa, na wengi hukaa miaka kabla ya kugunduliwa. Sababu mojawapo ni hilo "vumilia".

Mimi ni baba. Naanzia wapi na binti yangu?
Anza kabla damu haijaanza. Wengi huvunja ungo kati ya miaka 10 na 15, wengine mapema zaidi. Huhitaji hotuba. "Mwanangu, siku ukiona damu kwenye chupi, hujaumia. Niambie mimi au mama. Pedi ziko kabatini." Kisha fungua moja, mwonyeshe upande wa gundi, mwambie abadilishe kila baada ya saa 4 hadi 6 hata kama haijajaa. Kaka yake akiwepo, asifukuzwe.

Akitumia vitambaa, vifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani vikauke kabisa. Hapa aibu huleta madhara waziwazi: kitambaa kinafichwa uvunguni, hakikauki, kesho kinavaliwa kikiwa na unyevu.

Daktari ni mwanamume, naona haya. Niseme nini?
Mpe hesabu: tarehe ya hedhi ya mwisho, siku ngapi, pedi ngapi kwa siku, maumivu yanakuzuia kufanya nini. Ziandike nyumbani. Ukifika mbele yake ulimi ukawa mzito, mpe karatasi asome.