Ndizi na presha: maswali ninayoulizwa kila siku ya kliniki

Ndizi ina faida gani?
Inatia nguvu haraka, ina nyuzinyuzi za kulainisha choo, na ina potasiamu, takriban miligramu 400 kwa ndizi moja ya wastani.

Kwa hiyo inashusha presha?
Inasaidia. Potasiamu huziwezesha figo kutoa chumvi ya ziada kwenye mkojo. Ila Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 kwa siku. Ndizi mbili za asubuhi hazifiki hata robo. Na mchana ukinyunyizia chumvi mbichi juu ya mtori, umefanya nini sasa?

Basi nikizila kila siku niache vidonge?
Hapana.

Hata nikipimwa nikakutwa na presha ya kawaida, 120/80?
Hata hapo, hapana. Hiyo 120/80 imeletwa na vidonge. Ukiviacha presha inapanda tena, nayo kwa watu wengi haiumi popote, kwa hiyo hutajua. Tunaletewa mzee mdomo umekwenda upande, mkono hauinuki. Nauliza, "Alikuwa anameza dawa?" Naambiwa, "Aliacha, anatumia ndizi." Tena alianguka jana jioni, wakamchua kwa mafuta usiku kucha! Kiharusi hakichuliwi. Mtu akipinda mdomo au maneno yakimkwama, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, msingoje kukuche.

Mwenye ugonjwa wa figo je?
Figo zilizochoka hushindwa kutoa potasiamu. Ikijaa kwenye damu, mapigo ya moyo huvurugika, na moyo unaweza kusimama. Dawa za presha kama losatani, kaptopri na spironolaktoni nazo huipandisha hiyo potasiamu. Pima figo, uambiwe kiasi chako cha ndizi. Sijasema uache dawa.

Na kisukari?
Ndizi moja ndogo, isiyoiva sana. Ndizi za kupika nazo ni wanga. Usizirundike sahani moja na wali.

Kula ndizi usiku kuna madhara?
Kwa mtu mzima wa afya, hakuna. Kula, ulale.

Vidonge vinanikohoza, ndiyo maana nikahamia kwenye ndizi.
Kikohozi kikavu ni kawaida kwa baadhi ya wanaotumia kaptopri, na amlodipini, dawa nyingine ya presha, huvimbisha miguu ya wengine. Dawa mbadala zipo. Rudi kliniki hata kama tarehe yako haijafika, uje na vidonge vyenyewe mkononi, na hadi siku hiyo endelea kuvimeza.