Parachichi zinapanda lori, mtoto anabaki na uji mweupe

Robo hii kwenye Siku za Afya na Lishe za vijiji tumesikia sana malalamiko kwamba Iringa inasingiziwa udumavu, yaani watoto kuwa wafupi kuliko umri wao. Ndugu zangu, haisingiziwi. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto chini ya miaka 5 waliodumaa Iringa ni kama asilimia 57, Njombe na Rukwa karibu 50, wakati nchi nzima ni 30. Na sisi ndo tunaolisha wengine!

Chakula kipo ila hakikai nyumbani. Mahindi, maharage, maziwa, parachichi, vyote vinauzwa shambani sababu hela inahitajika, na kiangazi kaya isiyo na kinyungu, ile bustani ya bondeni, inategemea genge. Genge lenyewe lina nyanya, vitunguu, biskuti na vocha basi. Ukitaka matunda na samaki mpaka Mafinga, nauli ya bodaboda imeshakula hela ya mboga. Hata Mbeya mjini ni hivyo hivyo, soko la Mwanjelwa limejaa kila kitu lakini anayeishi huko milimani kwa kibarua cha siku ananunua unga wa kupima na mafuta ya kupima, tunda analionea sokoni.

Juzi nilikutana na mama anapeleka trei ya mayai gulioni, mgongoni ana mtoto wa mwaka na nusu. Nikamuuliza mtoto kala nini, akasema uji. Wa nini? Sembe na sukari. Sikumlaumu, ile trei ilikuwa madaftari ya wakubwa zake, nilimwomba tu yabaki mayai matatu ya yule wa mgongoni. Naomba nieleweke, hatukatazi mtu kuuza mali yake.

Ila hili la watu kusema mtoto hajadumaa, ni "ukoo wetu wafupi", limenichosha kidogo. WHO, shirika la afya duniani, walipima watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, wakatoa viwango 2006, na wale waliolishwa vizuri walikua karibu sawa. Mtoto wa miaka miwili akidumaa, mara nyingi si ufupi wa babu, amekosa chakula au anaumwa kila mara.

Lingine ni unga wa lishe wa nafaka kumi na karanga na soya humo humo. Hapana jamani. Karanga zikisagwa zikakaa zinachacha, na zikiwa na ukungu zinaleta sumukuvu. Tumia nafaka moja, dona ikiwezekana, karanga weka wakati wa kupika. Na wewe unayesaga na kuuza unga huo bila alama ya TBS, shirika la viwango, tangu 2019 chakula kiko chini yao, kwa hiyo jengo linasajiliwa, sampuli inapimwa, ndipo upate leseni ya alama. Wakikukuta bila hivyo mzigo unazuiwa, unaweza kuteketezwa kwa gharama zako na kesi ikafuata. Anzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanafundisha wajasiriamali wadogo.

Siku ya lishe utaratibu ni huu. Mtoto anapimwa uzito, halafu urefu, chini ya miaka miwili analazwa, akizidi anasimama bila viatu. Kuanzia miezi 6 anafungwa utepe wa rangi wa kupima unene wa mkono, mkono wa kushoto katikati ya bega na kiwiko, kijani ni kuanzia sentimita 12.5, njano ni 11.5 mpaka hapo, chini ya 11.5 ni nyekundu na anapewa rufaa siku hiyo hiyo. Miguu yote miwili tunabonyeza kwa dole gumba kuangalia uvimbe, shimo likibaki ni rufaa hata kama utepe ni kijani. Utepe hauonyeshi udumavu, kwa hiyo usiondoke kabla ya kupimwa urefu ukisema mkono mzima umepita.

Njoo na kadi ya kliniki, na kama mama yuko kwenye mashamba ya chai baba amlete, au bibi, mradi ajue mtoto alikula nini jana.