Kunasa metali nzito kwa magunzi na makumbi: maana yake

Chukua punje chache za mrututu, ile chumvi ya shaba ya rangi ya buluu ambayo wakulima wa kahawa wameitumia miaka mingi dhidi ya ukungu. Ziyeyushe kwenye chupa ya maji mpaka maji yawe ya buluu hafifu. Twanga magunzi ya mahindi makavu, yachekeche, yaoshe mara kadhaa, kisha tia vijiko kadhaa vya unga huo chupani. Tikisa, acha kwa saa moja au mbili, chuja kwa kitambaa. Buluu itakuwa imepungua, na pengine maji yatakuwa na rangi ya chai nyepesi iliyotoka kwenye magunzi yenyewe. Usiyaonje. Shaba iliyopungua haikufa: imetoka majini ikahamia kwenye unga.

Hiyo ndiyo dhana yenyewe. Watafiti wanaiita bayosopsheni: kutumia mabaki ya viumbe, hapa ya mimea, kuondoa metali zenye sumu kwenye maji taka, hasa ya viwandani na migodini. Mabaki yenyewe ni yale tunayoyatupa au kuyachoma: magunzi, pumba za mpunga, makumbi ya nazi, makapi ya miwa, maganda ya ndizi, ya kahawa, ya karanga, hata vumbi la mbao.

Wengi husema pumba “zinafyonza” metali, na neno hilo linapotosha kidogo. Sponji hufyonza: maji huingia ndani na kulijaza. Pumba hunasa, kama ulimbo unavyonasa ndege. Metali hukamatwa kwenye uso wa kila chembe, na ndiyo maana magunzi hutwangwa kwanza, maana unga una uso mkubwa kuliko gunzi zima.

Kinachokamata ni nini? Ukuta wa seli ya mmea umejengwa kwa selulosi, lignini na, kwenye maganda ya matunda, pektini nyingi. Humo mna sehemu zenye oksijeni ambazo hubaki na chaji hasi. Risasi, shaba, kadimiamu na nikeli zilizoyeyuka majini huwa ayoni, yaani chembe zenye chaji, na zao ni chanya; hasi na chanya huvutana. Lakini sehemu hizo, tuziite viti, hazikuwa tupu. Vilikaliwa na kalsiamu, magnesiamu au hidrojeni tangu mmea ulipokuwa shambani. Kwa hiyo mambo huenda kama kwenye daladala: kalsiamu inashushwa, risasi inakaa. Ukipima maji baada ya kazi, utakuta risasi imepungua na kalsiamu imeongezeka.

Mfano huo wa daladala unaeleza mengine pia. Maji yakiwa na asidi kali, hidrojeni zimejazana kituoni na zinawahi viti vyote, risasi inaachwa. Kwa metali nyingi kazi hufanyika vizuri kwenye pH (kipimo cha asidi, ambacho namba ndogo ni asidi kali) ya kati ya 4 na 6. Ukipandisha pH sana, metali huanza kuganda na kutuama chini kama tope, na hapo unaweza kudhani pumba zimefanya kazi kumbe ni magadi uliyotia. Maji yenye chumvichumvi nyingi nayo huleta ushindani, kwa sababu kalsiamu iliyomo inagombea viti vilevile. Ndiyo sababu majaribio ya maabara, yanayotumia maji safi yaliyotiwa metali moja tu, mara nyingi huonekana mazuri kuliko yanavyokuwa kwenye maji halisi ya kiwanda.

Kromiamu ina tabia yake. Ile ya aina ya sita, inayopatikana kwenye maji ya viwanda vinavyopaka vyuma kromu, huelea majini ikiwa na chaji hasi. Inataka asidi kali, pH karibu na 2, ili uso wa pumba ugeuke chanya na kuivuta. Tena mmea wenyewe huipa elektroni na kuigeuza kuwa kromiamu ya aina ya tatu, yenye sumu ndogo zaidi. Hapa kweli kuna kitu kinachobadilika, si kuhama tu.

Kwa nini kujisumbua? Kwa sababu metali haiozi. Kinyesi kinachoingia kwenye mabwawa ya maji taka ya Ruai, Nairobi, huliwa na bakteria. Risasi hailiwi na chochote. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, waliijua habari hiyo kwa miili ya watoto wao, na kesi yao ilifika hadi Mahakama ya Juu. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa risasi kwenye maji ya kunywa kuwa miligramu 0.01 kwa lita. Njia ya kawaida viwandani ni kutia chokaa ili metali itue kama tope. Ni njia nzuri pale metali ilipo nyingi, lakini mara nyingi huacha kiasi kidogo kisichotaka kutoka. Kazi ya pumba, kwa maoni yangu, ni hicho kiasi cha mwisho.

Tupige hesabu. Tuseme gramu moja ya unga wetu inanasa miligramu 20 za risasi. Kilo moja itabeba gramu 20. Maji yenye miligramu 2 kwa lita yatahitaji kuwa lita 10,000 ndipo kilo hiyo ijae. Hiyo ni karatasini: metali inapokuwa chache majini, viti vingi hubaki wazi, na kilo hubeba pungufu ya hapo.

Wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya hawahitaji kufundishwa haya. Marudio yao, yaani mchanga unaobaki baada ya uchenjuaji wa kwanza, yakishalowekwa kwenye sianidi, dhahabu iliyoyeyuka hunaswa kwa kaboni, na kaboni nzuri ya kazi hiyo hutengenezwa kwa vifuu vya nazi. Kemia yake si ileile kabisa, ila hatua zinafanana: nasa, kisha osha ili kilichonaswa kitoke. Pumba zenye risasi nazo huoshwa kwa asidi hafifu: hidrojeni zinapanda kwa wingi, risasi inashuka kwenye maji machache, na pumba hurudi kazini mara kadhaa kabla ya kuchoka.

Tofauti inakuja mwishoni. Kaboni yenye dhahabu husafirishwa kwa ulinzi. Pumba zenye risasi hazina anayezigombea, na tafiti nyingi huishia kwenye asilimia ya metali iliyotoka majini bila kusema pumba zilienda wapi. Zinaweza kufungwa ndani ya saruji, au kuzikwa kwenye dampo la taka hatari lenye sakafu isiyovuja. Zisipofanyiwa hivyo, hubaki kwenye viroba nyuma ya kiwanda, zikifanana na pumba nyingine zote, na mchoma matofali anayepita na mkokoteni akitafuta pumba za tanuri hana namna ya kuzitofautisha.