Panya, joto na seli za kinga: tunayoambizana na yaliyoonekana maabara

Kuna picha inazunguka kwenye magrupu, panya mweupe kashikwa na mkono wenye glavu alafu chini yake maandishi, wanasayansi wamegundua joto linaua saratani, na hapo hapo watu wanaanza kutumiana maelekezo ya kuchemsha majani. Utafiti wenyewe upo kweli, na ni wa miaka mingi. Sehemu kubwa umefanyika Roswell Park, kituo cha saratani kilichopo Buffalo, jimbo la New York, na kina Elizabeth Repasky na Sharon Evans na wenzao. Ila kilichoonekana kule na kinachotumwa huku ni vitu viwili tofauti, na mimi naona cha kule ndo kitamu zaidi.

DHANA: Joto likiingia mwilini linaua ugonjwa moja kwa moja.

Lipo joto linaloua, ndio. Daktari akichoma uvimbe kwenye ini kwa sindano ya mawimbi ya maikrowevu, nyama pale inapita nyuzi 60 na kila seli iliyopo inakufa, ya saratani na isiyo ya saratani. Hiyo ni kuchoma, mambo ya kinga bado hayajaingia. Joto wanalolichunguza hawa wa kinga ni dogo tu, nyuzi 39 mpaka 40, yaani joto la homa ambayo kila mtu keshaiugua, na kwa joto hilo seli ya saratani haifi, inaendelea na maisha yake kama kawaida.

Sasa kinabadilika nini? Chukua jaribio lao maarufu. Panya anawekwa kwenye kasha lenye joto, mwili wake unapandishwa polepole mpaka karibu nyuzi 39.5 na unashikiliwa hapo kwa saa 6, na anapigwa sindano ya maji ya chumvi ili asikaukiwe maji. Alafu wanaenda kutazama tezi za limfu, hizi ambazo zikivimba kwenye kinena tunasema fulani ana mtoki. Ndani ya tezi hizo kuna mishipa midogo ya damu yenye kuta nene kidogo, na hiyo ndo njia ambayo seli T, yaani askari wa kinga wanaozunguka mwilini, zinatoka kwenye damu kuingia kwenye tezi kukutana na taarifa za adui. Kwa panya waliopashwa joto kuta za mishipa hiyo zinanata zaidi, zinaweka nje protini nyingi zaidi za kudaka seli zinazopita, na anayetoa amri hiyo ni kemikali ya mwili inayoitwa interlukini 6. Seli zinazoingia kwenye tezi zinaongezeka kama mara mbili hivi. Hayo yalichapishwa 2006. Mwaka 2019 watafiti wa Shanghai wakaonyesha upande wa pili, kwamba seli T yenyewe nayo ikipata joto la homa inatengeneza protini ya mshtuko wa joto iitwayo Hsp90, inaishika mikono ambayo seli inatumia kujishikiza kwenye ukuta wa mshipa, na seli inapenya vizuri zaidi.

Kwahiyo joto halijaua kitu hapo. Limepeleka taarifa na seli zikabadili mwendo, basi.

DHANA: Homa na kupata joto ni kitu kile kile, kwahiyo nikijifukiza nimejipa homa.

Hapana. Ukiwa na homa ubongo wako wenyewe ndo umepandisha kipimo, ndo maana unatetemeka na kuvuta blanketi wakati mwili unachemka, mwili unataka kufika kule juu. Ukijifukiza ubongo haujabadilisha chochote, unaona joto limezidi na unapambana nalo, jasho linamwagika, ngozi inakuwa nyekundu, na ukitoka kwenye blanketi unarudi ulipokuwa. Mvuke unapasha uso, ngozi na njia ya hewa ya juu. Pua inafunguka, unajisikia vizuri, sikatai, mwaka 2020 nusu ya Tanzania ilikuwa chini ya blanketi na watu wengi walisema wanapumua vizuri. Lakini kushikilia mwili mzima nyuzi 39.5 kwa saa 6 ni habari nyingine kabisa, na mtu akijaribu hivyo nyumbani anaweza kufa kwa kuzidiwa joto. Sufuria la maji ya moto nalo limeshaunguza watu wa kutosha, hasa watoto.

Na hapa ndo utaona kwanini mnyama anatumika. Mtu mwenye homa ana vitu vingi kwa pamoja, vijidudu, sumu za vijidudu, dawa alizomeza, kakosa usingizi, hajala. Huwezi kujua seli zake zimebadilika kwasababu ya joto au kwasababu ya hivyo vingine. Panya mzima wa afya ukampasha joto bila kumpa ugonjwa wowote, umelitenga joto peke yake. Kinyume chake pia kimefanyika, na kwa mnyama ambaye wengi hawamtegemei: mwaka 1975 Matthew Kluger na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walichukua mijusi ya jangwani wakaiambukiza bakteria. Mjusi hawezi kutengeneza homa kutoka ndani, akitaka joto anahamia palipo na joto, kwahiyo waliiweka kwenye makasha ya joto tofauti. Iliyowekwa kwenye nyuzi 42 mingi ilipona, iliyowekwa kwenye nyuzi za chini mingi ilikufa. Na kwenye jaribio lao la kabla ya hapo, iliyoachwa ichague yenyewe ilikwenda upande wa moto ilipougua. Baada ya hapo ndo watu wakaanza kuichukulia homa kwa uzito kama sehemu ya kinga, sio tu kero ya kushushwa.

Usiligeuze hilo kuwa ruhusa ya kumuacha mtoto anachemka. Kwetu homa ya mtoto ni kwenda kupima malaria, mambo ya mijusi yasubiri.

DHANA: Kama nyuzi 39 ni nzuri basi 42 ni bora zaidi, na kila siku ni bora kuliko mara moja.

Hii ndo inayoumiza watu. Seli za kinga zinapenda joto mpaka mahali, zikipita hapo zenyewe zinaumia. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, walikuza seli T za panya kwenye nyuzi 39, na wakaona zinakula nishati zaidi, zinaongezeka haraka, zinatoa kemikali zaidi za kupambana, vizuri, lakini kundi mojawapo la seli hizo, lile linaloongoza mapambano makali, mitokondria yake, yaani vinu vya nishati ndani ya seli, ikaingia kwenye msongo, DNA ikaharibika, na nyingine zikafa. Zilizobaki hai zilijirekebisha na zikawa na mitokondria nyingi zaidi. Hiyo ni nyuzi 39 tu jamani, sio 42.

Ukipanda zaidi hesabu inabadilika haraka mno. Wataalamu wa tiba ya joto wanapima dozi kwa kulinganisha na dakika za nyuzi 43, na kanuni waliyoitoa Sapareto na Dewey mwaka 1984 inasema ukiongeza nyuzi moja juu ya hapo, muda wa kuleta madhara yale yale unakatwa nusu. Kilichohitaji dakika 60 kwenye 43 kinahitaji 30 kwenye 44, na 15 kwenye 45. Na habari ya kila siku, seli ikishapashwa joto mara moja inajaza protini za mshtuko wa joto na kwa siku moja au mbili inakuwa sugu, ukiirudia kesho yake haisikii kitu. Seli ya saratani inafanya hivyo pia. Ndo maana hospitali zinazotoa tiba hii zinaacha siku kadhaa katikati.

DHANA: Panya wa maabara anakaa kwenye hali ya kawaida, kwahiyo matokeo yake ni ya kawaida.

Hapa nitakaa kidogo kwasababu ndo sehemu ambayo hata wanasayansi wenyewe walichelewa kuiona.

Mwongozo unaotumika Marekani unasema chumba cha panya kiwe kati ya nyuzi 20 na 26, na vyumba vingi vinawekwa kwenye 22 hivi. Hiyo 22 ni nzuri kwa mfanyakazi aliyevaa koti, glavu na barakoa. Panya mwenye gramu 25 yeye anaona baridi, mwili mdogo unapoteza joto kwa kasi, na joto analolipenda, ambalo hahitaji kuhangaika kutengeneza joto la ziada, ni kama nyuzi 30 au 31. Kwahiyo miaka yote hii mamilioni ya panya wamekaa na baridi isiyoisha, sio ya kuua, ila mwili muda wote unachoma mafuta kujipasha, moyo unakwenda mbio na noradrenalini, homoni ya msongo, iko juu.

Kundi la Repasky wakauliza swali ambalo ukilisikia unajiuliza mbona halikuulizwa zamani: je, baridi hiyo inaigusa kinga dhidi ya saratani? Walichapisha majibu 2013. Panya waliokaa kwenye nyuzi 30 uvimbe wao ulikua polepole na ukasambaa kidogo kuliko wa panya waliokaa kwenye 22, na ndani ya uvimbe wa wale wa joto kulikuwa na seli T za kuua nyingi zaidi. Sasa angalia kitu kizuri walichofanya, walirudia kwa panya wasio na kinga hiyo, na tofauti ikapotea! Maana yake joto la chumba halikuwa linaugusa uvimbe wenyewe, lilikuwa linapita kwenye seli za kinga. Alafu wakawapa panya nafasi ya kuchagua vyumba vya joto tofauti, na panya wenye saratani walichagua pa moto zaidi kuliko wenzao wazima, kwa hiari yao.

Baadae kundi hilo hilo likaonyesha kwamba ukimpa panya wa baridi dawa ya kuziba noradrenalini, jamii ya zile anazopewa mtu wa moyo au presha, na yeye anaanza kufanana na panya wa joto, mpaka dawa za kisasa za kuamsha kinga zinamfanyia kazi vizuri zaidi. Fikiria dawa ngapi zimejaribiwa kwa panya anayetetemeka kimya kimya, zikaonekana hazifai, au zinafaa kidogo.

Kuna la pili. Panya akiwa kwenye chumba cha 22 ukampa sumu ya bakteria nyingi mara nyingi hapandi homa, joto lake linashuka. Kwahiyo ukisoma kwamba panya hawapati homa kama watu, uliza kwanza chumba kilikuwa na nyuzi ngapi.

Mtu atasema basi si wapandishe tu joto la vyumba. Sio rahisi, wafanyakazi watachemka, vizimba vitanuka haraka, na matokeo ya miaka ya nyuma hayatalinganishika na mapya. Wengi wameenda njia ya katikati, wanawapa panya karatasi na pamba wajenge viota, wanajifukia humo.

DHANA: Kilichomponya panya kitamponya mtu, si wote wana seli T.

Wana, ila panya huyu ni ndugu wa ndugu. Aina zinazotumika sana, kama ile iitwayo C57BL/6, zimezalishwa ndugu kwa ndugu vizazi kwa vizazi mpaka kila panya anafanana na mwenzake kijenetiki. Alafu wanakua kwenye usafi uliopitiliza. Mwaka 2016 watafiti wa Minnesota walionyesha kwamba kinga ya panya wa maabara inafanana zaidi na ya kichanga wa binadamu kuliko ya mtu mzima, na walipowachanganya na panya walionunuliwa kwenye duka la wanyama wa kufuga, baadhi walikufa kwa magonjwa, na waliobaki kinga yao ikakomaa ikafanana na ya mtu mzima. Mtoto wa Tandale aliyekula udongo ana kinga yenye uzoefu kuliko panya yeyote wa Buffalo.

DHANA: Wanyama hao wanateswa tu, hakuna anayeuliza.

Kila jaribio linaandikwa kwanza na kupitishwa na kamati, na kamati inaweza kukataa. Msingi unaotumika mpaka leo waliuweka Russell na Burch wa Uingereza mwaka 1959: tumia kisicho mnyama kama inawezekana, tumia wanyama wachache iwezekanavyo, na punguza maumivu. Kuna ukubwa wa uvimbe ambao ukifikiwa panya anauliwa kwa njia isiyo na mateso, hata kama jaribio halijaisha. Hiyo haimaanishi kila kitu ni sawa, baridi niliyoieleza hapo juu imepitishwa na kamati hizo hizo miaka na miaka.

DHANA: Kumbe yote ni maabara tu, kwa binadamu tiba ya joto ni utapeli.

Wapo matapeli, wanaouza mashuka ya umeme na viboksi vya kutoa jasho. Ila ipo tiba ya kweli pia. Ujerumani, Rolf Issels wa Munich na wenzake wa nchi nyingine waliwajaribu wagonjwa 341 wenye saratani ya nyama laini za mwili, uvimbe mkubwa, wa ndani na mkali. Wote walipata kemo, nusu wakaongezewa joto la eneo la uvimbe tu, kwa antena za mawimbi ya redio, kama nyuzi 42 kwa dakika 60, siku ya kwanza na ya nne ya kila mzunguko wa dawa, huku vipima joto vikifuatilia pale pale. Matokeo ya muda mrefu yalitoka 2018: baada ya miaka 5 waliokuwa hai ni asilimia 62.7 kwa waliopata joto na asilimia 51.3 kwa waliopata kemo peke yake. Nyuzi 42 ni joto la kuisaidia dawa kwanza, linaongeza damu kwenye uvimbe na kuizuia seli ya saratani isijirekebishe baada ya kuumizwa na kemo. Na hakuna mgonjwa hata mmoja kati ya wale aliyeambiwa aache kemo akae na joto peke yake.