Ukisimama namba nne, kazi yako ni ipi?

Maandalizi ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, yakianza hapa Kigoma, huwauliza wachezaji wapya wa wavu kila mmoja anacheza wapi. "Namba nne, mwalimu." Na wa pili yake, namba nne. Wa tatu pia. Wote wanataka kupiga smashi, ule mpigo mkali wa juu ya wavu. Hapo huokota kijiti nikachora uwanja chini: mita 18 kwa 9, wavu katikati.

Namba ni mahali pa kuanzia tu. Moja ni nyuma kulia, kwa anayepiga sevu, yaani mpira wa kuanzisha mchezo. Mbili, tatu na nne ziko mbele kwenye wavu, kutoka kulia kwenda kushoto. Tano ni nyuma kushoto, sita nyuma katikati. Mkishinda pointi kwenye sevu ya wapinzani, wote sita mnasogea nafasi moja kwa mwendo wa mshale wa saa: wa mbili anarudi moja kusevu, wa moja anakwenda sita, wa tano anapanda nne. Basi huyo namba nne wetu atajikuta nyuma akipokea, apende asipende.

Kinachobaki na mchezaji ni kazi yake. Mnaruhusiwa kugusa mpira mara tatu, bloku (kuruka wavuni kuzuia mpira wa wapinzani) haihesabiwi, na mguso wa pili ni wa seta, anayewapandishia wapigaji mpira. Yeye ndiye anayeamua nani apige. Diagonali yake, nafasi tatu kutoka alipo, anasimama mpigaji anayeitwa opoziti, kwa hiyo seta akiwa nyuma, opoziti yuko mbele, na kinyume chake. Wapigaji wawili wa pembeni hupokea na kushambulia. Wawili wa kati, kwa kawaida warefu, wanaishi kwa bloku na mipira ya haraka.

Sasa tuje kwenye mzunguko unaowachanganya wengi: mnapokea sevu na seta wenu yuko namba moja. Anatakiwa afike wavuni kabla ya mguso wa pili, lakini hawezi kusimama huko mapema. Kwa mpangilio, lazima awe nyuma ya mwenzake wa namba mbili na kulia kwa yule wa sita. Ndiyo maana utamwona amejibanza mgongoni mwa namba mbili kama mtoto kwenye foleni ya uji. Sevu ikishapigwa yuko huru, anachomoka mbio kwenda wavuni. Akiwahi kabla ya sevu kupigwa, refa anapuliza: pointi inakwenda kwa wapinzani, na sevu inabaki kwao.

Usumbufu huo una faida yake. Seta akitokea nyuma, mbele mna wapigaji watatu. Akiwa mbele, wamebaki wawili, na bloku ya wapinzani inapumua, isipokuwa kama mna mtu wa kuruka kutoka nyuma ya mstari ulio mita tatu kutoka wavuni. Lakini seta aliye nyuma asijisahau akaruka wavuni na kuusukuma kwa wapinzani mpira ulio juu kabisa ya wavu. Ni kosa. Bloku nayo haruhusiwi.

Yote haya yanategemea mguso wa kwanza. Viwanja vyetu vingi viko wazi, na jioni upepo wa ziwani unaisumbua hata sevu ya kawaida. Ile isiyozunguka ndiyo balaa. Kwa hiyo magoti yapinde mapema, mikono iungane na kunyooka, na miguu ndiyo ikupeleke kwenye mpira.

Kwa kazi hiyo sheria za kimataifa zilimleta libero, mchezaji maalumu wa nyuma, mwaka 1998. Jezi yake ni ya rangi tofauti, na huingia nyuma badala ya mchezaji wa kati bila kuhesabiwa kwenye mabadiliko ya kawaida. Habloku, wala hashambulii mpira ulio juu ya wavu. Wapenda smashi hawaitaki kazi hii, na mimi sibembelezi: humpa yule anayekasirika mpira ukidondoka.

Siku ya kwanza huwapitisha mizunguko yote sita kwa kutembea, bila mpira. Nikisema "sevu!", kila mmoja anatoka alipoanzia na kwenda kwenye kazi yake. Wananuna kidogo, halafu wanaanza kusahihishana wenyewe.