"Common" ya Kiingereza: si kila mara ni "kawaida"

Wengi wetu tulifundishwa kwamba common ni "ya kawaida", tukaishia hapo. Lakini neno hili, lenye asili ya Kilatini, lilianza na maana ya kitu cha ushirika, na maana hiyo bado imo katika majina mengi tunayoyatafsiri vibaya.

Dhana: Common land ni ardhi isiyo na mwenyewe.
Ukweli: Huko England karibu kila mara ina mmiliki, awe lodi, halmashauri au taasisi. Kinachoshirikiwa ni haki juu yake: kuchunga mifugo, kuokota kuni, kuvua samaki, hata kuachia nguruwe msituni wale matunda ya mialoni. Katika New Forest, eneo la misitu kusini mwa England, wanafanya hivyo mpaka leo.

Dhana: Commoner ni mtu wa tabaka la chini.
Ukweli: Ni mtu yeyote asiye mfalme wala mwenye cheo cha ulodi. Winston Churchill, mjukuu wa Duke wa Marlborough, aliyezaliwa katika kasri la Blenheim, alikuwa commoner. Ila Mwingereza akikwambia jirani yake ni common, ujue anamsengenya: hana uungwana.

Dhana: Common law ni sheria za mila.
Ukweli: Ni kinyume chake. Chini ya Henry II (1154–1189) majaji wa mfalme walizunguka nchini wakiamua kesi, na hukumu zao zikajenga sheria moja ya ufalme mzima, palipokuwa na desturi tofauti kila eneo. Wakoloni walituletea sheria hiyo. Kwa Tanganyika tarehe ya mapokezi, yaani ya kupokelewa kwa sheria hiyo, ni 22 Julai 1920. Sheria za kimila zilibaki fungu la peke yake.

Dhana: Mkiishi pamoja miaka kadhaa England, mnakuwa mume na mke wa common law.
Ukweli: Hii ndiyo inayoumiza watu, na Waingereza wenyewe wanaiamini. Katika England na Wales hadhi hiyo haipo. Tangu sheria ya ndoa ya 1753, ndoa bila taratibu rasmi haitambuliki. Mwenzako akifa bila wosia, hutarithi moja kwa moja, hata mkiwa mmekaa miaka ishirini na watoto juu. Nyumba ikiwa kwa jina lake, ni juu yako kuthibitisha mahakamani kwamba una fungu ndani yake.

Mtanzania anayehamia huko huenda akabeba matarajio ya nyumbani, na hapo ndipo pa kuangalia. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawachukulia kuwa mke na mume, itachukuliwa kuwa wameoana. Anayepinga anaruhusiwa kuleta ushahidi, kwa mfano kwamba mmoja wao hakuwa na sifa za kisheria za kuoa au kuolewa.